Kosa la Kisimba

Germaine hakuwa mwanamke wa kubembelezwa, na mtaa mzima ulilijua hilo. Aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, kando ya barabara ya kwenda Luano, chini ya nyaya nene za umeme zilizokuwa zikielekea migodini. Nyaya hizo zilinguruma mchana kutwa juu ya kichwa chake na hazikumteremshia hata cheche moja ya kuwashia taa nyumbani kwake. Ukimwuliza kwa nini ana hasira, atakuonyesha kidole juu. Ukimwuliza mara ya pili, atataka kujua umekuja kununua makala au kupiga masolo, soga tu za barabarani, na hapo ni heri uondoke mapema.

Asubuhi moja ya Jumanne binti yake wa pekee, Bénie, alimjia pale kwenye magunia akiwa na kadi mkononi. Bénie alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa akisomea ufundi katika shule ya Kampuni ya Laini za Kusini, ambayo watu huiita Laini tu, wenye nyaya zile zile. Alipoingia shule hiyo mama yake alimpigia kelele wiki nzima, kisha akamshonea sare.

"Mama, bantu ba Laini banakuita."

"Banataka makala?"

"Hapana, Mama. Banafungua exposition. Miaka makumi sita ya Laini. Familia yote ya bafundi ba zamani banaalikwa."

Germaine alifuta mikono kwenye kitenge alichojifunga, akaipokea kadi kwa ncha za vidole. Jina la maonyesho liliandikwa kwa herufi za dhahabu: *Nishati Machoni pa Watu*. Chini yake, kwa herufi ndogo, ilisemwa kwamba familia za mashujaa wa Laini zingepokewa Alhamisi, saa nne asubuhi, katika chumba cha zamani cha kuongozea umeme.

"Bashujaa," alisema. "Baba yako eko shujaa tangu lini? Tangu asubuhi ya leo?"

Bénie aliangalia chini. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amerudi kutoka shuleni bila kula, na mama yake alipomkazia macho ndipo alipofungua daftari na kumwonyesha somo la siku hiyo. Mwalimu wao, Souleymane, mtu mpole wa familia ya Maniema ambaye hajawahi kumwonea mwanafunzi, alikuwa ameandika ubaoni kwa chaki nyekundu: *Kosa la Kisimba*. Yaani kupanda kwenye nguzo bila kuacha alama kwenye swichi. Kila mwaka wanafunzi wapya walifundishwa hivyo. Fundi akisahau kofia, wenzake humwambia asifanye Kisimba. Bénie aliandikishwa kwa jina la babu yake, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba Kisimba huyo alikuwa baba yake mzazi. Aliliandika somo lote, akalipigia mstari kama wenzake.

Jambo hilo ndilo lililokuwa likimchoma Germaine. Mumewe alikufa, sawa, kufa tutakufa sote. Lakini kampuni ilimfanya mjinga wa kufundishia watoto, miaka ishirini na miwili mfululizo, na yeye alijua kwa macho yake mawili kwamba ni uongo.

Sasa lazima turudi nyuma kidogo, maana hasira isiyo na historia ni kelele tu.

Baba yake Germaine alitoka Mitwaba akiwa kijana, akaajiriwa relini kutia makaa ya mawe kwenye tanuru la garimoshi. Siku zile nguvu ilikuwa kitu cha kuonekana. Moshi uliuona ukiwa bado mbali, mvuke uliusikia, na mzee alirudi nyumbani na kifua cheusi, macho mekundu, mgongo umepinda. Watoto walijua garimoshi limevuta mabehewa mengi au machache kwa kutazama tu maji aliyoogea. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani aliyelisukuma garimoshi lile mpaka Likasi.

Kisha Germaine akaolewa na Jean-Claude Kisimba, fundi wa nyaya, mtu mwembamba mwenye kucheka sana, na nguvu ya Jean-Claude haikuwa na rangi, wala harufu, wala uso. Waya wenye umeme na waya usio na umeme ni waya mmoja, alikuwa akimwambia, wakiwa wameketi kando ya jiko la mbabula wakingoja ugali wa bukari uive. Nyoka unamwona. Moto unauona. Umeme utauona baadaye, nao ndio utakaokuwa wa kwanza kukuona. Jean-Claude alipenda sana hadithi ya namna watu walivyohangaika kuupa macho. Alimsimulia juu ya mwalimu mmoja wa nchi za baridi, miaka kama mia mbili iliyopita, aliyekuwa akifundisha huku dira imekaa karibu na waya, na mara sindano ya dira ikageuka peke yake mbele ya wanafunzi. Kutokana na sindano ile ndipo ikaja mishale yote inayochezacheza kwenye saa za kupimia umeme duniani.

"Kuanzia ile siku njo bantu balianza kuona," Jean-Claude alisema. "Lakini mushale unakuonyesha courant ya umeme tu, Germaine. Haukuonyeshe muntu mwenye eko ku nguzo."

Maneno hayo hakuyasema kwa kujigamba. Kulikuwa na sababu. Sheria ilitaka kila fundi, kabla ya kwenda kwenye waya, azime swichi katika chumba cha kuongozea, kisha atundike kwenye kishikio chake kibao cha chuma chenye jina lake. Nani angewasha swichi akiona jina la mtu hapo? Lakini vibao viliibwa katika miaka ya fujo vikauzwa kama vyuma chakavu, na vile vya karatasi vilivyoletwa badala yake vilifutika kwa jasho la mikono. Mafundi waliomba vibao vipya mpaka wakachoka. Ndipo wakajitungia desturi yao. Kila mmoja alikata pembe ya kitenge cha mke wake. Asipokuwa kazini juu ya nguzo, kitambaa chake kilikaa kwenye msumari wake chini ya mitambo, na siku ya kupanda alikihamisha mwenyewe, akakifunga kwenye kishikio cha swichi aliyoizima. Kukifungua ilikuwa ni yeye peke yake. Mtu mwingine akigusa kitambaa hicho, ilihesabiwa kama amemgusa mke wa mwenzake, na angepigwa.

Wake walicheka mwanzoni. Baadaye waliacha kucheka, kwa sababu desturi hiyo ilifanya kazi. Mtu wa zamu alijua kwa moyo kwamba maua mekundu ni ya mama fulani na samaki wa bluu ni wa mama mwingine. Kabla ya kushika kishikio alikutana kwanza na mwanamke anayemsubiri mumewe.

Mwaka 2003, Germaine akiwa na mimba ya miezi mitano, kitambaa cha Jean-Claude kilikuwa kimechakaa. Asubuhi ile alikata kipya, pembe ya kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, akamtilia mfukoni yeye mwenyewe. Jean-Claude alikwenda kazini, akazima swichi ya waya wa Kambove, akaondoka na gari la mafundi. Saa nane na dakika kumi mchana aliyekuwa zamu aliwasha. Jean-Claude alikuwa juu ya nguzo.

Ripoti ilitoka baada ya siku tisa. Marehemu hakuweka alama kwenye kishikio. Marehemu alisahau. Germaine alikwenda ofisini na kitenge chake kilichokatwa pembe, akakitandaza juu ya meza ya mkubwa, akauliza kipande hiki kimekwenda wapi kama hakikuwekwa? Wakamwambia, Mama, una uchungu, nenda kapumzike. Mwanamke wa jikoni atajua nini kuhusu swichi? Aliyekuwa zamu alikuwa Liévin Mukalay, rafiki yao, aliyekula kwao mara ngapi sijui. Kwenye msiba Liévin alikaa kwenye kona, akasema neno moja tu: aliona mshale ukiruka. Kisha akatia sahihi ripoti kama wenzake.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Siku ya Alhamisi Germaine alifungua sanduku, akatoa kile kitenge cha kijani ambacho hakukivaa tena tangu msiba, akajifunga nacho, ile pembe iliyokatwa ikiwa mbele ili kila mtu aione. Alikichukua kama mtu anavyochukua fimbo.

Chumba cha zamani kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe. Mlangoni alipokewa na Gauthier, msimamizi wa maonyesho, kijana wa suti nyembamba aliyezungumza kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Karibu sana, Mama. Vraiment, kweli, tuna heshima kubwa." Alimpa juisi. Germaine akaishika juisi bila kuinywa.

Ukutani historia yote ilikuwa imepangwa kwa picha. Kwanza gurudumu la maji, halafu garimoshi, halafu dira na waya wake, halafu taa, mita, skrini. Maandishi yalisema kwamba safari ya sayansi ni safari ya kuifanya nishati ionekane. Germaine alisimama mbele ya picha ya garimoshi. Waliandika aina yake, mwaka wake, kiwanda chake na uzito wake. Kando ya tanuru walisimama wanaume wawili weusi tii kwa masizi, wameshika mabeleshi, na juu yao hakukuwa na neno hata moja.

"Hii mashini iko na jina," alisema. "Na hawa?"

"Ah, picha ni ya zamani sana, Mama. Majina hayakuhifadhiwa."

"Uzito wa vyuma balihifadhi."

Gauthier alitabasamu, kwa kuwa hakujua la kufanya. Akamwongoza mbele, kwenye mitambo yenyewe, ukuta mzima wa saa na vishikio vilivyong'arishwa. Hapo kulikuwa na kundi la watoto wa shule ya msingi, na mbele yao, ndani ya koti la bluu lenye nembo ya Laini, alisimama Liévin. Amezeeka vibaya. Walimtoa kwenye pensheni aje kuwaeleza wageni mambo ya zamani. Mtoto mmoja alibonyeza kitufe chekundu, mshale wa saa kubwa ukaruka mpaka mwisho, ukaanguka, taa ikawaka, na watoto wote wakapiga makofi. Mwingine akabonyeza. Mshale ukaruka tena, makofi tena.

Germaine alisogea karibu. Ulikuwa mshale ule ule. Siku ile uliruka hivyo hivyo, na kule kwenye nguzo ya Kambove mtu akaungua, na sasa umekuwa mchezo wa kuwachekesha watoto baada ya juisi. Alitaka kupiga kioo cha ile saa kwa glasi aliyoishika. Mkono ulikuwa umeshainuka.

Kilichomzuia ni kabati la kioo lililokuwa kando ya Liévin.

Ndani ya kabati kulikuwa na vitambaa. Vinane vilipangwa kwa mstari mmoja, kila kimoja kwenye msumari wake. Cha tisa kilikuwa peke yake, kimefungwa kwenye kishikio cha kweli cha swichi, na rangi yake ilikuwa kijani, na ndege wake walikuwa wa njano. Chini waliandika: *Sanaa ya mafundi: vitambaa vya alama*. Na kando yake, kwa kuwa ilikuwa bahasha nzuri ya zamani iliyotunza vitambaa hivyo, yenye mwandiko wa wino, Gauthier aliitandaza bahasha yenyewe ionekane. Germaine alisoma polepole, midomo ikichezacheza. *Matambara yaliyoondolewa leo saa nne asubuhi kwa usafi, kabla ya ziara ya wageni kutoka Kinshasa. Misumarini: manane. Kishikioni, waya wa Kambove: moja.* Kisha tarehe. Ilikuwa tarehe anayoiombea misa kila mwaka.

Na hatua tatu tu kutoka hapo, kwenye ukuta huo huo, kulikuwa na bango la usalama kazini lenye tarehe hiyo hiyo na maneno haya: *Fundi alisahau kuweka alama. Tujifunze kutokana na kosa la Kisimba.*

Waliweka vyote viwili chumba kimoja. Walivitundika, wakavimulika taa, wakaalika watu. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaambia, na ushahidi ulikaa kwenye bahasha yao wenyewe, na sasa wameutia ndani ya kioo kwa sababu una rangi nzuri, na hakuna hata mmoja kati ya wasomi hao aliyegeuza shingo kusoma tarehe mbili. Alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na mwalimu wa watoto wale akaanza kuwasogeza nje.

"Monsieur Gauthier, kuya hapa. Soma hii. Sasa soma na ile."

Gauthier akasoma. Akasoma tena. Germaine alinyanyua pembe ya kitenge chake, akaibandika kwenye kioo. Ndege mmoja alikuwa na kichwa kwenye kitenge chake na mkia kwenye kitambaa cha ndani, na mkato wa mkasi ulifuatana bila kukosea. Kijana wa watu alianza kutoka jasho.

"Sikujua, Mama. Nakuapia. Bahasha ilitoka kwenye droo ya Papa Liévin. Tutafanya hivi: leo leo tutaondoa bango, na kabati pia. Kimya kimya, bila kumuumiza mtu."

"Bila kumuumiza nani?"

Germaine alimgeukia Liévin, ambaye alikuwa amesimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa na mkuu wa shule.

"Papa Liévin. Ni weye uliletaka hii bahasha?"

"Njo miye, Mama Bénie."

"Ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu ile siku mangaribi." Sauti yake ilikwaruza. "Mukubwa wa zamu njo aliamuru basafishe. Alisema wageni habawezi kuona matambara. Miye niliingia saa sita. Nilikuta kishikio iko tupu. Na misumari yote iko mitupu. Niliona, Mama Bénie. Misumari tisa bila kitambaa, hakuna siku ilikuwaka vile. Ningeuliza. Lakini wageni balikuwa nyuma yangu, mukubwa anasema washa, washa. Nikawasha."

"Na kisha?"

"Mushale uliruka."

"Ile najua. Na kisha?"

"Kisha mukubwa alinipa bahasha nichome. Sikuchoma." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Yeye alishakufa. Miye mudomo ulinikatala, Mama Bénie. Miaka yote. Sasa balipouliza vitu vya zamani, nikasema niweke mu kioo, bantu baone benyewe. Nilijua utakuya."

Wapo watakaosema kwamba hapo Germaine angemhurumia mzee, amshike mkono, walie pamoja. Watu hao hawamjui.

"Mudomo ulikukatala?" alisema, na sauti yake ilijaza chumba chote. "Mudomo wa kula haukukukatala! Ulikula bukari yangu kwa matanga ya bwana yangu! Ulipita kwa makala yangu mara ngapi, ukisema mbote, Mama Bénie, afya iko muzuri? Mutoto yangu aliandika jina ya baba yake mu daftari kama jina ya mujinga, na weye uko na bahasha mu droo! Leo unaweka kitambaa mu kioo na kungoja mujane akuye akusemee? Hapana. Hii kazi hautanipa. Utasema weye."

"Kwa nani?"

Ndipo wakasikia viatu. Kwenye mlango wa mbali darasa la Bénie lilikuwa likiingia, vijana ishirini wa sare za bluu na wasichana wawili kati yao, darasa lililopangiwa kutembelea maonyesho siku hiyo hiyo. Souleymane aliwapitisha haraka kwenye gurudumu la maji na garimoshi, kwa kuwa alitaka wafike kwenye mitambo. Aliwapanga mbele ya bango. Bénie alimwona mama yake na kile kitenge, akasimama pale pale.

"Bana bangu," alianza Souleymane, "somo hili munalijua. Hapa njo Kisimba alifanya kosa yake..."

"Mwalimu, samahani," Germaine alimkatiza. "Miye ni bibi ya Kisimba. Na ule ni mutoto yake."

Vijana wote waligeuka kumtazama Bénie. Souleymane alimtazama pia. Mtu mpole akigundua amekuwa akiua, uso wake huwa mbaya kuutazama.

"Papa Liévin eko na neno," Germaine alisema.

Gauthier alipiga hatua, akanong'ona kwamba pengine ingefaa kwanza kumwarifu mkurugenzi, kuna taratibu, kuna mawakili. Germaine alimwangalia tu, na kijana akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa picha ya mita.

Liévin alivua lile koti la Laini. Sijui kwa nini alilivua, labda lilimbana. Alilikunja, akaliweka sakafuni, akasimama na shati lake lililochakaa kwenye kola mbele ya vijana wale.

"Jean-Claude Kisimba hakusahau," alisema. "Aliweka kitambaa. Njo hiki, cha kijani. Balikitoa saa ine kwa sababu ya usafi. Saa nane na dakika kumi, miye niliona misumari mitupu, nikanyamaza, nikawasha. Kisha nilitia sahihi karatasi ya uongo. Miye naitwa Liévin Mukalay. Kosa ni yangu na ya mukubwa yangu. Kisimba hana kosa."

Kijana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono, kama mwanafunzi mzuri, akauliza kama hiyo wanapaswa kuiandika.

"Andikeni," alisema Souleymane. Alilivuta bango kutoka ukutani kwa mikono miwili, gundi ikaacha alama ya njano kwenye rangi mpya. "Futeni ile ya zamani, muandike hii. Yote. Na saa. Na bahasha."

Wakafungua madaftari. Bénie naye alifungua lake. Alirudi kwenye ukurasa wa wiki mbili zilizopita, akatia mkwaju mkubwa juu ya somo lote, akaandika upya, na Liévin alirudia polepole kwa wale waliokuwa hawajamaliza, kama mtu anayesomesha imla. Kalamu zilikwaruza. Souleymane alimwendea Germaine akiwa amekunja mikono kifuani, akamwomba msamaha kwa sauti ya chini, yeye na shule yake, na akaahidi kwamba mbele ya darasa lingine lolote atakuja Liévin mwenyewe aseme, kila mwaka, mpaka afe. Germaine alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa na ubaya na mwalimu huyo.

Kisha somo likaisha. Vijana walifunga madaftari, wakapanga foleni, mmoja mmoja wakampa Germaine mkono, wakamwita Mama Kisimba. Aliyeuliza swali alimpa mkono kwa mikono miwili. Liévin alibaki amesimama kando ya koti lake. Bénie alimfikia mama yake mwisho, uso unang'aa, akamshika kiunoni.

"Mama! Umesikia? Bameandika yote! Tumeshinda, Mama."

Germaine alikuwa akiitazama saa ya ukutani, ile ya kawaida, ya kuonyesha saa na dakika. Alikuwa ameiangalia pale Liévin alipofungua mdomo kusema ukweli, na aliiangalia tena alipomaliza. Mabega yake yakaanza kutikisika. Tangu azaliwe, Bénie hakuwahi kumwona mama yake akilia, hata kwenye misa ya kila mwaka.

"Mama, unalilia nini sasa?"

"Dakika mbili," alisema Germaine, na meno yake yalikuwa yameumana kwa hasira. "Ilikuwa kazi ya dakika mbili, Bénie. Dakika mbili tu."